Goku Hajafa, Yuko Njiani: Dragon Ball Z na Mtafsiri wa Kibanda Umiza Horohoro

Tarehe 8 Machi 2024 habari ilitoka Japani na ndani ya dakika chache ilikuwa kwenye kila simu: Akira Toriyama, mchoraji aliyemzaa Goku, alikuwa amefariki tangu tarehe 1 mwezi huo. Alikuwa na miaka 68. Siku chache baadaye wana wa Horohoro, kule mpakani kabisa mwa Tanzania na Kenya, wakakubaliana jambo moja. Dragon Ball Z inaangaliwa upya, kuanzia episodi ya kwanza mpaka ya mwisho, na hairukwi hata moja.

Kundi lenyewe ni la watu watano. Bodaboda mmoja, utingo wa malori ya Mombasa, dada wakala wa pesa, fundi simu mwenye tivii dukani, na binamu yao wa Lunga Lunga, upande wa Kenya. Wadigo hawa ukoo wao uko pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo binamu kuvuka kuja kuangalia katuni si habari ya ajabu.

Hesabu ikapigwa. Dragon Ball Z ina episodi 291, kila moja kama dakika 24. Hizo ni saa zaidi ya 110. Ukiangalia tatu kila usiku, unamaliza baada ya usiku 97. Bahati nzuri mfungo wa Ramadhani ulianza wiki ileile, na watu walikuwa macho mpaka usiku wa manane. Wakaanza baada ya tarawehe, duka likiwa limefungwa nusu mlango, kahawa na kashata pembeni. Kwa hesabu ile wangemaliza Idi Kubwa.

Ila hilo neno "upya" lilikuwa na walakini. Usiku wa kwanza tu iligundulika kwamba kati ya wote watano, hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona yote.

Goku alikuja pwani, akakuta wenyeji wanamjua

Ili uelewe ilikuwaje, rudi nyuma kidogo. Watoto wa pwani hawakuanza kupenda ngumi za Kiasia kwa Goku. Miaka ya 1970 majumba ya sinema ya Tanga, Dar na Zanzibar yalikuwa yanajaa kwa ajili ya Bruce Lee. Jamaa alifariki Julai 1973, lakini huku ndiyo kwanza akawa mkubwa. Hicho ndicho kipindi ambacho Wachina walikuwa nchini wanajenga reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Kijana wa mjini alikuwa akimuona Mchina kazini mchana, usiku anaenda kumuona kwenye pazia la sinema akipiga watu kumi peke yake.

Baadaye akaja Jackie Chan. Filamu yake ya Drunken Master ya mwaka 1978 inamhusu kijana mtundu anayefundishwa ngumi na mzee mlevi. Na Japani nako kulikuwa na mchoraji kijana aliyekuwa akiirudia filamu hiyohiyo mara kwa mara. Ndiyo, Toriyama. Mwenyewe aliwahi kusema bila filamu ile Dragon Ball isingekuwepo. Yale macho makali ya Goku anapogeuka Super Saiyan aliyachukua kwa Bruce Lee. Hata jina Son Goku ni la Kichina likisomwa Kijapani: ni Sun Wukong, mfalme wa nyani kwenye hadithi ya kale ya China ya safari ya kwenda Magharibi. Ndiyo maana Goku mdogo ana mkia, ana fimbo inayorefuka na anapanda wingu.

Toriyama alianza kuchora hadithi hiyo mwaka 1984, katuni ya tivii ikaanza 1986, na Dragon Ball Z ikaanza Aprili 1989 mpaka Januari 1996. Kwa hiyo ilipofika kwenye vibanda vyetu, watoto walikuwa wameshaijua stori kabla hawajaiona. Kuna mwalimu mzee mwenye vituko, kuna mazoezi ya mateso, kuna adui asiyeshindika, na kuna steringi. Na steringi, kila mtu anajua, hafi.

Antena, deki na mtu mwenye maiki

Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Kenya walianza 1962. Fikiria mtoto wa mpakani: binamu yake wa ng'ambo, mwendo wa dakika chache, ana nchi yenye tivii, yeye hana.

Kilichojaza pengo hilo ni kibanda umiza. Chumba cha mabati, mabenchi, deki, jenereta linalonguruma nje, joto la kukuua. Tatizo likawa lugha, maana muvi zinaongea Kichina na Kiingereza, na mtoto aliyelipa kiingilio anataka kuelewa. Hapo ndipo akazaliwa mtafsiri. Dar alikuwepo Derek Mukandala, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la Lufufu, na kanda zake zilifika mpaka vijijini. Kenya wakaja kuwa na DJ Afro, Uganda wakawa na VJ Jingo. Hao ni wale waliojulikana. Chini yao kulikuwa na mamia ambao sifa zao ziliishia kwenye kibanda kimoja.

Horohoro nako alikuwepo wake. Wana wanamkumbuka amekaa kwenye kiti pembeni ya tivii, maiki imezungushiwa utepe mweusi, kikombe cha chai chini. Kijapani hakijui hata neno moja. Alichokuwa anasoma ni maandishi ya Kiingereza ya chini, na diski zenyewe ni zile zilizobanwa muvi nyingi kwenye CD moja, maandishi yamekosewa mpaka Mwingereza mwenyewe asingeelewa. Kilichobaki anajaza mwenyewe. Piccolo akamwita Jini Kijani. Vegeta akawa Mwana wa Mfalme. Freeza alikuwa Bosi tu, na watoto wote walielewa kwa nini.

Kisheria kazi ile haikuwa safi. Sheria ya filamu ipo tangu 1976, na wenye filamu hawakupata hata senti. Wasanii wa Bongo Movie nao walikuwa na hasira yao, na Aprili 2017 waliandamana mpaka Kariakoo wakilalamikia muvi za nje zinazouzwa kiholela huku zao zinabanwa. Walikuwa na hoja. Ila mtoto wa Horohoro alikuwa na shilingi 100 na hamu ya kujua Goku atamfanya nini Bosi.

Sayari inalipuka, diski imeisha

Sasa kuna usiku mmoja ambao wanne kati ya wale watano walikuwemo kibandani, watoto wa darasa la tatu, la nne hivi. Kama unaijua DBZ, unajua Namek. Freeza anamuua Krillin, Goku anapata hasira ambayo hajawahi kuwa nayo, nywele zinageuka dhahabu. (Toriyama alisema rangi ile ilimpunguzia msaidizi wake kazi ya kujaza wino mweusi kwenye nywele.) Freeza anasema sayari italipuka baada ya dakika 5. Hizo dakika 5 zinakula kama episodi 10, lakini kibandani nani alikuwa anahesabu? Mwisho sayari inapasuka, Goku bado yuko hukohuko.

Na hapo ndipo diski ilipoishia. Hakukuwa na nyingine.

Kibanda kikawa kimya. Watoto wengine wakaanza kulia, maana steringi hafi, sasa hii ni nini? Mtafsiri naye alikuwa hajaona mbele. Akashika maiki akasema, "Goku hajafa. Yuko njiani. Njia ndefu tu." Akaweka muvi ya Jackie Chan.

Utingo, kipindi hicho mtoto mdogo, baba yake alikuwa ameondoka kwenda Mombasa kutafuta kazi na habari zake zilikuwa zimekatika. Hakumwambia mtu. Alilibeba lile neno akaenda nalo nyumbani.

Diski za mbele hazikuja. Mtafsiri akaumwa, miaka michache baadaye akafariki. Barabara ya kutoka Tanga ikawekwa lami, kilometa 65 kwa fedha za Wamarekani, kikajengwa kituo cha forodha cha pamoja na Wakenya, malori yakaongezeka, simu za kupangusa zikaingia. Kibanda kikawa stoo ya saruji.

Usiku wa 41

Kurudi dukani kwa fundi simu. Wiki za mwanzo zilikuwa za ubishi. Binamu wa Lunga Lunga, aliyeizoea kwa Kiingereza, aliapa kwamba Vegeta anaposoma nguvu za Goku zinazidi 9,000. Ikachezwa ya Kijapani: 8,000. Akabisha mpaka akachoka. Akadai na muziki umebadilishwa. Kumbe uliobadilishwa ni wa kwake. Ule wa Japani ni wa Shunsuke Kikuchi, Wamarekani wakauondoa wakaweka wao tangu mwaka 1996.

Usiku wa 41 wakafika episodi ya 121. Goku anarudi duniani. Chombo kinatua, mlango unafunguka, jamaa anatoka na nguo za ajabu, mzima. Mwaka na zaidi alikuwa safarini.

Bodaboda akapiga makofi. Utingo akainuka, akatoka nje, akasimama karibu na lori lake. Aliporudi akasema, "Hebu rudisha nyuma kidogo." Wakarudisha. Wakaangalia mara tatu.

Baba yake yeye hakurudi. Hilo wote wanalijua, na hakuna aliyelitaja.

Fundi simu ndiye aliyevunja ukimya, na akavunja vibaya. Akasema yule mzee alibahatisha tu. Alikuwa mwongo. Majina yote alikosea, stori nusu alitunga, na watu wamekaa miaka kumi na kitu wanaamini vitu ambavyo havimo kwenye katuni.

Dada wakala akamjibu taratibu. Muda wote wa ubishi alikuwa akiperuzi simu yake. Akamuuliza, je, Wamarekani? DBZ ilipoingia Marekani mwaka 1996, episodi 67 za mwanzo zilikatwakatwa zikabaki 53. Mtu akifa, mtoto wa Marekani aliambiwa amepelekwa ulimwengu mwingine. Kuna sehemu Goku anaangukia motoni, mashetani wamevaa fulana zimeandikwa neno lenyewe la jehanamu kwa Kiingereza. Wakazichezea herufi zikasomeka kitu kingine kabisa. Hao walikuwa na studio, wana mishahara na mikataba. Mbona hawaitwi waongo?

Fundi akakosa la kusema. Akasema tu, "Lakini yao ipo."

Na hapo ndipo penyewe. Ya Wamarekani ipo, hata ile iliyokatwa. Kuna mashabiki wanaoitunza, wanaolinganisha neno kwa neno, wanaojua nani alisema 9,000 na mwaka gani. Ya mtafsiri wa Horohoro haipo popote. Alikuwa anaongea moja kwa moja, kila usiku, na spika ikizimwa ndiyo basi. Lufufu alirekodi kanda, ndiyo maana leo anatajwa. Wale wa vibanda vidogo, ambao ndio waliowafundisha watoto wengi wa pwani kwamba stori ya Mjapani inaweza kuwa yao, hawakuacha hata sekunde moja ya sauti. Watu watano wamekaa dukani na episodi zote 291, picha safi, na kile hasa walichokuja kukitafuta hakimo.

Mwezi Mei watoto wa jirani wakaanza kujipenyeza. Kwanza wawili, halafu saba, wamekaa sakafuni. Maandishi ya chini hawayawezi, yanapita haraka. Wakawa wanauliza kila dakika, "Anasemaje? Anasemaje, shangazi?" Dada wakala akapunguza sauti ya tivii akaanza kuwaambia. Siku ya kwanza alikuwa anaona aibu. Siku ya tatu Vegeta alikuwa ameshakuwa Mwana wa Mfalme, na Jini Kijani amerudi kazini.

Walipofika kwenye vita ya Cell, Goku akafa kweli, safari hii kwa kujitoa mwenyewe kuokoa dunia. Mtoto mmoja akageuka kumwangalia shangazi, macho yamejaa. Dada akamwangalia utingo. Utingo ndiye aliyejibu, kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Yuko njiani," akasema. "Tulia uangalie."

Fundi simu alikuwa ameshaweka simu yake juu ya meza, inarekodi.

Hawakumaliza Idi Kubwa, walimaliza wiki mbili mbele, kwa sababu ya umeme na safari za lori. Wewe je, kitaani kwenu aliyekuwa anatafsiri alikuwa nani? Kama unamkumbuka, mtaje kwa jina. Na kama bado yuko hai, nenda kamrekodi.