Theluji katika Wodi ya Walioungua

Aliyeungua vibaya huungua upya kila kidonda kinaposafishwa. Bandeji hubanduliwa, ngozi iliyokufa husuguliwa, na mofini yenyewe huzidiwa. Katika hospitali ya Harborview, mjini Seattle, Marekani, wanasaikolojia Hunter Hoffman na David Patterson walianza mwaka 1996 kujaribu jambo lililoonekana la kitoto: kumvika mgonjwa kofia ya uhalisia pepe, yenye skrini mbele ya macho, acheze huku muuguzi akifanya kazi yake.

Maumivu hutaka kusikilizwa, na akili iliyozama kwingine haina nafasi ya kuyasikiliza. Mwaka 2000 walichapisha habari za vijana wawili waliojaribu mchezo wa kawaida wa Nintendo na kofia ile; ndani ya kofia waliumia kidogo kuliko walipocheza Nintendo. Kisha ikaja SnowWorld, korongo la barafu ambamo mgonjwa huwarushia pengwini madonge ya theluji. Baridi, kwa mtu aliyeungua! Sijui tiba iliyobuniwa kwa huruma kubwa kuliko hiyo.

Vifaa hivyo, hata hivyo, viligharimu maelfu kwa maelfu ya dola, na hospitali chache zilivimudu. Kilichovishusha bei ni michezo ya vijana. Mwaka 2012 Palmer Luckey, akiwa na miaka 19, alichangisha dola milioni 2.4 kuunda miwani ya Oculus Rift kwa ajili ya wacheza gemu. Awali alikuwa fundi wa maabara katika Chuo Kikuu cha Southern California, kwenye taasisi ileile ambamo Skip Rizzo alitumia uhalisia pepe kuwatibu askari waliorudi na majinamizi ya vita vya Iraq. Rift ilitoka 2016 kwa dola 599, nayo ilitaka kompyuta yenye nguvu. Mwaka 2019 ikaja miwani ya Quest: dola 399, bila waya wala kompyuta.

Hapo wataalamu wa tiba ya burudani, waliozoea kupita vitandani na karata, rangi na gitaa, wakaweza kubeba na miwani. Anayejifunza upya kuinua bega hukata vitofali vya mchezo wa Beat Saber kwa mapigo ya muziki, asihesabu mara alizonyoosha mkono.

Ila miwani hiyo ilitengenezwa kwa uso wa mtu mmoja, nyumbani kwake. Sponji yake hunywa jasho. Wodini huvishwa kifuniko na kupanguswa kwa dawa kabla ya kumfikia mgonjwa mwingine. Wapo wanaoshikwa na kichefuchefu, nao huvuliwa mara moja. Na kwa askari walioungua kichwani, wasioweza kuvaa chochote, Hoffman na wenzake waliwahi kufunga miwani ya aina nyingine kwenye mkono wa chuma, ikasogezwa hadi machoni bila kugusa ngozi.