Kifungo cha Mjeshi Si Skrapu

Wasee, sisi wa Nairobi tunaijua ditekta kama kile kifimbo cheusi cha soja mlangoni kwa mall. Inua mikono, geuka, kikilia toa funguo. Tangu shambulizi la Westgate la Septemba 2013, lililoua watu 67, tumezoea. Lakini hii mashine haikuanza kwa kushuku watu. Ilianza kwa kujaribu kuokoa mtu.

Mwaka 1881 Rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi na madaktari wakashindwa kujua imejificha wapi mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaunda mashine ya kuitafuta. Ikafeli. Kitanda kilikuwa na springi za chuma, na daktari aliruhusu upande wa kulia pekee upimwe, kumbe risasi iko kushoto. Garfield akafariki Septemba. Wazo likabaki. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, afisa wa jeshi la Poland, Józef Kosacki, akatengeneza ya kubebwa na mtu mmoja, na mwaka 1942 ikatumika kusaka mabomu ya ardhini El Alamein, Misri.

Inafanyaje kazi? Ndani kuna koili inayotoa nguvu ya sumaku. Ikigusa metali chini ya udongo, metali inazalisha umeme kidogo, mashine inausikia na kulia. Basi. Haijui historia. Kifuniko cha soda kinalia, sarafu ya kale pia inalia.

Uingereza kuna watu ambao hii ni hobi yao ya wikendi. Mwaka 2009 mmoja wao alipata dhahabu ya zaidi ya miaka 1,000 kwa shamba huko Staffordshire. Ikathaminiwa pauni milioni 3.285, akagawana na mwenye shamba.

Hapa Kenya usiige hiyo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inasema kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale, na kikiwa ardhini ni mali ya serikali. Ukikipata, unaripoti. Kwenda kuvitafuta kunahitaji leseni.

Na iko na sababu. Mwaka 2010 watafiti wa Kenya na China walipata Mambrui, karibu na Malindi, sarafu ya shaba ya mfalme Yongle, ya miaka ya 1400 hivi. Ikiwa kwa udongo wake, pamoja na vitu vingine, inatuambia Waswahili walifanya biashara na nani. Mtu angeing'oa usiku akauze, ingekuwa tu shaba yenye tundu.

Sasa rudi mtaani. Kibera ni ya lini? Wanubi, askari wa King's African Rifles, walianza kukaa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1900, na mwaka 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Hata jina linatoka kwa neno lao kibra, yaani msitu. Hesabu sasa: hayo yote ni baada ya 1895.

Maana yake, kifungo cha sare au beji ya mjeshi aliyepigana 1914, ikitoka kwa mtaro hapa Makina, kisheria si kitu cha kale. Waziri anaweza kuitangaza kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa kitu kinacholindwa, lakini nani atamwomba? Kabla ya hapo iko kwa gunia, inapimwa kwa kilo.

Simlaumu kijana wa skrapu. Kilo ni unga. Shida yangu ni huo mwaka. Jamii ya Wanubi ilingoja hadi 2017 kupata hati ya ekari 288, baada ya karibu karne ya kuambiwa wao ni wageni. Halafu ushahidi kwamba walikuwa hapa tunauyeyusha.

Mimi nasema sheria ihesabu umri, kwa mfano miaka 100, badala ya kukwama 1895. Wakati tunangoja, ukiokota kitu kama hicho, piga picha, andika ni wapi, onyesha wazee wa Makina, kisha uliza Makumbusho ya Taifa. Kikikaa kama bomu, usikiguse, ita polisi.

Na kama guka au nyanya yako alikuwa kwa familia ya KAR, muulize leo ana nini kwa sanduku. Niambie hapo chini amesema nini.