Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Habari za Silaha za Kigeni Masisi na Walikale

Tarehe 2 Machi, mwaka 2022, wajumbe wa mataifa walikutana New York katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Siku sita tu zilikuwa zimepita tangu majeshi ya Urusi yalipovuka mpaka wa Ukraine. Baraza lilitakiwa kuamua: Je, Urusi iambiwe kuondoa askari wake? Mataifa 141 yalikubali. Kati ya hayo 141 zilikuwamo Kongo na Rwanda, zote mbili.

Msomaji mpenzi, yafaa kuikumbuka kura ile. Miezi mitatu baadaye, tarehe 13 Juni, mji mdogo wa Bunagana, mpakani mwa Kongo na Uganda, ulitekwa na waasi wa M23. Kutoka huko vita vikaenea mpaka Masisi, na mwishowe vikaingia Walikale. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mara nyingi kwamba askari wa Rwanda walikuwa pamoja na waasi hao. Mwaka 2024 walikadiria idadi ya askari hao kuwa kati ya 3,000 na 4,000. Serikali ya Rwanda ilikana, ikasema kwamba inajilinda tu na adui zake wa FDLR waliomo Kongo.

Ndipo watu wengi wa Kivu walipouliza: Kwa nini Ukraine ipewe silaha, na aliyeishambulia awekewe vikwazo upesi, nasi tuambiwe tuvumilie? Swali hilo ni la haki. Lakini jibu lake halipatikani kwa hasira. Hatuna budi kuyatazama kwanza mambo ya Masisi na Walikale tangu mwanzo.

Ugomvi wa udongo

Masisi ni nchi ya milima na malisho mabichi, magharibi ya Goma. Wenyeji wake wa kale ni Wahunde. Ukizidi kwenda magharibi milima hushuka na msitu mkubwa huanza. Ndiyo Walikale, nchi ya Wanyanga na makabila mengine.

Mwaka 1937 Wabelgiji, waliotawala Kongo na Rwanda pamoja, walianza mpango wa kuwahamisha Wanyarwanda waje Masisi. Sababu zilikuwa mbili. Huko Rwanda watu walibanana na njaa iliwapiga. Na huku Kivu Wazungu wenye mashamba walitaka wafanyakazi. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1955. Walikuja watu makumi ya maelfu, Wahutu na Watutsi. Wakalima, wakafuga, wakazaa watoto. Baada ya mwaka 1959 wakaja na wengine, waliokimbia fujo za Rwanda.

Wenyeji walisema: Ardhi yetu imemezwa. Waliohamia wakajibu: Tuliletwa na serikali, na watoto wetu wamezaliwa hapa. Sheria za nchi hazikuwapatanisha. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia wengi wao. Sheria ya mwaka 1981 ikawanyang'anya. Tena sheria ya mwaka 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya serikali, hata mkubwa aliyekaa Kinshasa akaweza kujipatia kilima kizima pamoja na watu waliokuwa wakilima juu yake.

Mwezi wa Machi 1993 ugomvi ulipasuka. Vijana wa Kinyanga na wa Kihunde waliwashambulia Wanyarwanda sokoni Ntoto, wilayani Walikale. Moto ukaenea mpaka Masisi, na walioshambuliwa nao wakalipiza kisasi. Maelfu ya watu walikufa. Watu kama 250,000 walihama makwao.

Angalia basi yaliyofuata, maana watu wengi wameyasahau. Kuanzia mwisho wa mwaka ule mpaka Februari 1994, viongozi wa pande zote, wakisaidiwa na watu wa dini na wa vyama vya raia, waliketi pamoja wakazungumza. Mapigano yakatulia. Sisemi kwamba ugomvi ulikwisha. Lakini ulikuwa bado mikononi mwa watu waliojuana kwa majina, na watu wanaojuana huweza kupatana.

Bunduki zaingia

Utulivu ule haukufika miezi sita. Mwezi wa Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi huko Rwanda, watu karibu milioni moja walivuka mpaka wakaingia Goma na pande zake kwa siku chache. Wengi walikuwa raia wenye hofu. Lakini pamoja nao waliingia askari wa serikali iliyoshindwa na Interahamwe, wakiwa na bunduki zao. Mataifa ya dunia yalileta chakula, dawa na mahema kwa moyo mwema. Ila hayakuwatenga wenye silaha na wasio na silaha. Ndivyo muuaji alivyokula katika chungu kimoja na mjane.

Vita vikarudi Masisi, tena kwa nguvu kuliko kwanza. Mwezi wa Mei 1996 Watutsi waliokimbilia monasteri ya Mokoto walivamiwa, na wengi wao wakauawa. Hata nyumba ya sala haikuwa kimbilio tena.

Mwaka huo huo Rwanda na Uganda ziliwasaidia waasi wa Laurent-Désiré Kabila, na Mei 1997 Mobutu akaanguka. Mwezi wa Agosti 1998 marafiki wakawa maadui: Rwanda na Uganda zikasaidia waasi wapya, Angola, Zimbabwe na Namibia zikamsaidia Kabila. Baada ya mapatano, majeshi hayo ya kigeni yaliaga mwaka 2002 na 2003. Lakini bunduki hazikuaga. Zilibaki mikononi mwa Mai-Mai, mikononi mwa FDLR, kisha mikononi mwa CNDP ya Laurent Nkunda, na baadaye mikononi mwa M23, iliyoteka Goma mara ya kwanza Novemba 2012 na kushindwa mwaka uliofuata.

Na chini ya udongo ule wa ugomvi kuna mali. Bisie, wilayani Walikale, kuna madini ya bati, yaliyovuta watu wengi msituni tangu mwaka 2002. Rubaya, wilayani Masisi, kuna koltani, itumiwayo katika simu na mitambo ya dunia nzima. M23 waliiteka Rubaya mwisho wa Aprili 2024. Wahenga walisema: Vita vya panzi, neema ya kunguru.

Fedha za Ulaya

Na nchi za Magharibi je? Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulianzisha mfuko wa kusaidia majeshi ya nchi rafiki, ukauita Mfuko wa Amani wa Ulaya. Kwa mfuko huo Ukraine imesaidiwa kupata silaha za mabilioni ya yuro. Kwa mfuko huo huo jeshi la Rwanda liliahidiwa yuro milioni 20 mwaka 2022, na milioni 20 nyingine mwaka 2024, kwa ajili ya vita vya Cabo Delgado, Msumbiji. Na kwa mfuko huo huo jeshi la Kongo nalo liliahidiwa milioni 20 mwaka 2023, kwa brigedi moja iliyoko Kindu.

Lazima tuseme kweli: fedha za Rwanda zilitolewa kwa kazi ya Msumbiji, si kwa Masisi. Lakini jeshi ni moja. Ukilivisha viatu kwa safari moja, viatu haviulizi njia ya safari ya pili.

Masisi mjini palitekwa mwanzoni mwa Januari 2025. Goma ikaanguka mwisho wa mwezi ule, na Bukavu katikati ya Februari. Tarehe 17 Machi Umoja wa Ulaya ukawawekea vikwazo viongozi wa M23 na maafisa kadhaa wa jeshi la Rwanda. Siku mbili baadaye waasi waliingia Walikale mjini, wakakaa mpaka mwanzo wa Aprili.

Basi, wasemao kwamba mizani hazikuwa sawa hawakosi. Hata hivyo tusione jambo moja tukasahau la pili. Silaha za Ukraine zimekwenda mchana. Serikali iliyoziomba yajulikana. Mabunge yamebishana juu yake, na hesabu zimechapwa magazetini. Marekani peke yake ilitangaza misaada ya kijeshi iliyopita dola bilioni 60. Apingaye aweza kupinga, na atoaye aweza kuulizwa. Silaha zilizowafikia waasi Masisi zilikwenda usiku, na walioshtakiwa kuzileta walikana. Sasa, mtu anayekana kwamba alitoa bunduki, utamwuliza vipi ni lini atakuja kuichukua?

Tena tusiwasingizie majirani peke yao. Mwezi wa Mei 2022, huko Pinga, wilayani Walikale, makundi kadhaa ya wenye silaha yalipatana kupigana na M23, na wachunguzi waliandika kwamba maafisa wa jeshi la Kongo walishiriki. Baadaye makundi ya namna hiyo yakaitwa Wazalendo. Serikali ilileta pia askari wa kukodiwa kutoka Romania. Goma ilipoanguka, karibu 300 kati yao walijisalimisha, wakavushwa Rwanda ili warudi kwao. Wao walikuwa na kwao pa kurudi. Mkulima wa Nyabiondo ndiye aliyebaki na bariyeri njiani, mbele kundi hili, nyuma kundi lile, na kila moja likidai kodi.

Mgeni ni nani?

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Masisi na Walikale wageni wenye silaha wamekuja kwa zamu tangu mwaka 1994, kila mmoja akisema amekuja kusaidia. Mwenyeji hajapona. Ubaya mkubwa ni huu: watu wamesahau mgeni ni nani. Mtu ambaye babu yake aliletwa na Wabelgiji mwaka 1937, naye amezaliwa Masisi, akabatizwa Masisi na kuzika wazazi wake Masisi, huyo ni jirani. Mgeni ni bunduki. Lakini bunduki imewafanya majirani waitane wageni, na ugomvi wa shamba, ambao wazee wangeweza kuuamua barazani, umekuwa vita vya mataifa.

Mapatano hayakukosekana. Kongo na Rwanda zilitia sahihi Washington tarehe 27 Juni 2025, na mwezi uliofuata Kongo na M23 zikatia sahihi Doha. Marais wawili wakakutana Washington tarehe 4 Desemba. Siku chache baadaye waasi wakaingia Uvira. Mapatano hayo yanahusu askari, mipaka na madini, nayo ni ya lazima. Lakini kilima cha Masisi ni cha nani, na nani ni mwananchi, mambo hayo hayawezi kuamuliwa Washington. Mwezi wa Februari 2025 wajumbe wa maaskofu Wakatoliki na wa makanisa ya Kiprotestanti walikwenda Goma kuongea na waasi, na wengine waliwalaumu kwa sababu hiyo. Walifanya tu kile kilichofanywa mwaka 1993: kuketi na yule uliyegombana naye.

Nasi wa parokia hatuwezi kuzuia ndege za silaha wala magari ya usiku. Lakini mtoto wetu akiitwa kuchukua bunduki, au mtu akija kijijini akisema, Nimeleta silaha kuwakomboa, twaweza kumwuliza maneno matatu: Nani aliyekuomba? Utaondoka lini? Na bunduki hiyo, ukiondoka, utamwachia nani?