Kabla ya Kitufe, Tazama Ubao

Kijana wa Nyamira anayetaka kujiundia kasha la vitufe la kuchezea Tekken au Mortal Kombat hutangulia kuulizia jina la kampuni. Anunue vitufe vya Sanwa kutoka Japani, vya Happ kutoka Marekani, au seti ya bei nafuu ya China? Swali hilo limeanzia mkiani. Ukiifuata historia ya vitufe hivi utaona kwamba kila aina ilizaliwa kwa ajili ya ubao wa namna yake, na mtu akishaujua ubao wake, nusu ya uchaguzi imekwisha kabla hajatoa hata senti. Huku Gusii, ambako fundi wa mbao hakosekani sokoni lakini bati lililokatwa kwa vipimo vya milimita ni la kusakwa, jibu linalotolewa kila mahali, yaani "nunua Sanwa", linahitaji kutazamwa upya.

Kitufe cha gemu za kupigana hakikuanza kikiwa kitufe. Capcom ilipotoa Street Fighter mwaka 1987, mashine zake za kwanza zilikuwa na pedi mbili kubwa za mpira, moja ya ngumi na nyingine ya teke, na mashine ilipima jinsi ulivyoitwanga. Ukigusa kidogo, mpiganaji anarusha ngumi hafifu. Ukishusha mkono wote, anapiga kwa nguvu. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi, lakini pedi zilichakaa na viganja vikauma. Toleo la vitufe sita ndilo lililoshinda, na Street Fighter II ya mwaka 1991 ikaueneza mpangilio huo duniani: vitatu vya ngumi, vitatu vya mateke, kila safu ikianzia hafifu hadi kali. Kazi ya kupima nguvu ikaondolewa mkononi, kitufe kikabaki na neno moja tu la kusema: nimebonyezwa. Mortal Kombat ya 1992 ilichagua vitano, kimoja kikiwa cha kujikinga, na Tekken ya 1994 ikatosheka na vinne, kimoja kwa kila mkono na kila mguu wa mpiganaji.

Neno hilo moja husemwa na mikroswichi, kidude ambacho Peter McGall alikibuni huko Freeport, Illinois, mwaka 1932, gemu za video zikiwa hazijaotwa. Ndani yake mna bapa jembamba la chuma lililovutwa kama springi. Ukilisukuma kidogo halifanyi lolote, ukilifikisha mahali pake linaruka ghafla hadi upande wa pili na kuunganisha umeme kwa mlio mkavu, "ta!". Haliwezi kusitasita katikati. Linganisha na pedi ya kawaida ya PlayStation, ambamo kipande cha mpira chenye karboni hukandamizwa juu ya saketi: karboni ikiisha, unabonyeza mara tatu ndipo kitu kitokee, na fundi analazimika kuifungua, kuipangusa kwa spiriti na kuomba Mungu.

Sasa njoo kwenye ubao. Japani, mashine za miaka ya tisini kama Astro City ya Sega (1993) zilikuwa za kuchezwa mtu ameketi, na vitufe vikikaa kwenye paneli nyembamba ya chuma. Ndiyo maana OBSF-30 ya Sanwa, kitufe kinachosifiwa kuliko vyote, ni kifupi, chenye swichi iliyofungiwa ndani na masikio mawili ya plastiki: unakisukuma kwenye tundu la milimita 30, masikio yananasa chini ya bati, basi. Marekani mashine zilikuwa makabati ya mbao nene, watu wakicheza wamesimama na wakigonga bila huruma. Kitufe cha Happ kikatengenezwa kirefu, chenye nyuzi za skrubu na nati ya kukazia kwa chini, na mikroswichi inayoning'inia peke yake nje ya mwili wa kitufe. Tundu lake ni la takriban milimita 28. Uhispania, Industrias Lorenzo walifuata mtindo huohuo.

Chukua kipande cha saiprasi au plaiwudi ya milimita 18, toboa, kisha jaribu kukifunga kitufe kile cha masikio. Hakishiki, kwa kuwa masikio yanaishia ndani ya tundu bila kufika upande wa pili. Kipande cha mkaratusi kibichi, mti uliojaa kwenye vilima vya Nyamira, kitaongeza balaa lake la kujikunja na kupasuka kikikauka. Kwa hiyo anayetumia mbao zilizokaushwa vizuri apendelee kitufe cha nati, chenye swichi inayotoka. Hiyo ya kutoka ndiyo hoja kubwa zaidi kwangu. Swichi ikifa, inang'olewa na kuwekwa nyingine, na kitufe kinabaki palepale. Ile ya kufungiwa ndani ikigoma, mara nyingi unaagiza kitufe kizima kutoka mbali na kungoja.

Wapo watakaosema kitufe cha Japani ni chepesi na cha haraka, na kwamba mabingwa hawakichagui kwa bahati mbaya. Ni kweli kinashuka kwa mguso mdogo na hakichoshi kidole, na mtu anayefanya mazoezi saa nyingi atauhisi utofauti. Lakini wepesi mwingi unatokana na swichi, na swichi ya kitufe cha nati inaweza kubadilishwa kwa iliyo laini zaidi. Kwa anayeutaka mguso wa Japani, bila kubishana naye, kuna njia mbili. Sanwa wenyewe hutengeneza OBSN-30, ya nati, inayostahimili ubao mnene kidogo kuliko ile ya masikio. Njia ya pili ni kuchimba dirisha pana kwenye ubao na kulifunika kwa bati au plastiki ngumu ya milimita mbili tatu. Asichopaswa kufanya ni kununua kwanza, halafu kuulaumu ubao.

Wengine watauliza kwa nini kununua swichi ilhali maikrowevu iliyokufa inazo mlangoni. Ukubwa wake kweli ni uleule wa swichi za Happ, na zinaingia. Tatizo ni kwamba nyingi ni ngumu, zimetengenezwa kusukumwa na mlango mzima, na huwa chache katika kila tanuri. Angalia pia alama ya NO kwenye meno yake. Iliyo na NC pekee itafanya kitufe kijibonyeze muda wote. Na kuna kapasita mle ndani inayoweza kuhifadhi umeme wa kuua hata waya ukiwa umechomolewa. Asiyejua kuitoa chaji aiache maikrowevu ya watu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba pedi inatosha. Kenya ilikuzwa na pedi: Tekken ilienea hapa kupitia PlayStation za vibandani, na mwaka 2018 Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya kigeni ya XiT Gaming kwa ajili ya mchezo huo. Sikatai. Kasha halimfanyi mtu kuwa bingwa. Linachompa ni kifaa anachoweza kukifungua na kukitengeneza mwenyewe, na hata pedi mbovu hupata kazi humo, kwa kuwa saketi yake inaweza kulehemiwa waya za vitufe vipya. Chagua pedi ya PlayStation ya kwanza, ambayo inafanya kazi kwenye PS2 pia. Pedi ya DualShock 2 ya mwaka 2000 ilirudisha kupima nguvu ya kidole kama zile pedi za 1987, na kwa sababu hiyo kuiunganisha na mikroswichi ni kujitafutia kazi.

Uzito nao ni muhimu, maana kasha jepesi hutambaa mapajani. Kibapa cha jiwe la sabuni la Tabaka chini yake kingelituliza; kuchonga vitufe vyenyewe kwa jiwe hilo kunavutia, ila springi ndogo haitaweza kuinua mzigo huo. Usukani (joistiki) nao si lazima. Kasha liitwalo Hit Box lilikwishauondoa na kuweka vitufe vinne vya mwelekeo, cha kuruka kikiwa cha milimita 30 na vingine vya 24, hivyo vinane vinatosha kumwanzisha mchezaji wa Tekken. Atoboe kwa milimita 28, kwa kuwa tupa itapanua tundu hadi 30 akibadili nia. Vitufe vinne vya ziada, kwa ajili ya gemu nyingine, vinaweza kungoja bonasi ya majani chai.