MP Hana Ekyebugo

Katika msiba wa mwanajeshi mstaafu, iwe Bilele mjini Bukoba au kijijini Muleba, hufika saa ya kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akasoma, akajiunga na JWTZ, akapigana Vita vya Kagera, akastaafu, akarudi kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa. Kama alikuwa polisi wa jeshi, MP kama tunavyowaita, neno hilo hupita kwa pumzi moja. Waombolezaji hawatikisi hata kichwa.

Wahaya wana fani iliyofumwa kwa ajili ya mpiganaji: ekyebugo. Mtu alisimama mbele ya mkama, mfalme wake, akajitapa, amemwangusha nani, amerudi na nini. Majigambo hayo yanadai adui aliyelala chini. MP atajitapa kwa lipi? Kwamba alimnyang'anya mwenzake redio ya mwenye duka, akairudisha? Hata mpiga enanga hodari, yule msimulizi wa ala ya nyuzi awezaye kukesha na shujaa mmoja hadi alfajiri, angekosa pa kuanzia.

Utenzi una tumbo kubwa zaidi. Henry Muhanika alitunga utenzi mzima juu ya Vita vya Kagera na anguko la Idi Amin, ukachapishwa mwaka 1981. Lakini utenzi wa vita, kwa desturi yake, huandamana na walio mbele: Kyaka, Mutukula, Masaka, Kampala. MP yuko nyuma kwenye njia panda, anaelekeza malori, anamhoji askari aliyeachana na kikosi chake. Beti zimeshampita.

Vuka mpaka wa Uganda pale Mutukula, mambo yanageuka. Katika kumbukumbu za Waganda MP hapiti kwa pumzi moja. Kambi ya polisi wa jeshi ya Makindye ni jina linalotisha hadi leo, na mkuu wake, Hussein Marella, alipanda cheo hadi kukaimu ukuu wa majeshi. Machi 1974 Brigedia Charles Arube na wenzake waliasi, na Marella alikuwa miongoni mwa sababu za hasira yao. Arube alikufa. Marella akaondolewa, akarudi kwao Sudan. Huyo ndiye MP aliyepata msimulizi, na alimpata kwa ubaya.

Wazungu nao humkumbuka kwa kejeli. Askari wa Kijerumani waliwaita MP wao mbwa wa mnyororo, kwa ajili ya bamba la chuma walilovaa shingoni kwa mnyororo. Waingereza husema kofia nyekundu. Marekani, tanzia ya MP huendelea bila mshono: alitoka jeshini akaingia polisi, beji kwa beji.

Mimi naona tatizo liko kwenye kazi yenyewe. MP akifanya vizuri, hakuna kinachotokea. Duka limebaki na mlango wake, basi. Na Bukoba, kati ya miji yote, ingepaswa kulijua hilo. Juni 1915 jeshi la Waingereza liliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani, na askari wake wakaupora kwa siku moja. Mwaka 1978 askari wa Amin waliswaga ng'ombe wa kaskazini ya mto Kagera na kubeba walichoweza kubeba. Halafu, na hapa ndipo sauti zetu hushuka, mwaka 1979 jeshi letu lililipiza: Masaka ilipotekwa mwezi Februari, majengo yake yalilipuliwa kwa baruti. Siku hiyo MP alikuwa na kazi gani? Ekyebugo hakiulizi, na utenzi una haraka ya kufika Kampala.

Ndiyo maana natamani msomaji wa wasifu, akifika penye neno hilo moja, anyamaze kidogo. Pengine mzee mmoja wa viti vya nyuma, naye wa vita ileile, atauliza: Masaka ulikuwapo? Lakini aliyeulizwa yumo sandukuni, na kijana mwenye karatasi ameshafika kwenye idadi ya wajukuu.