Jaji Mkuu wa Kenya: kazi yake, anavyopatikana, na kwa nini sisi wa Pwani atuhusu

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini riziki imeniweka Eldoret miaka mingi sasa. Mwezi uliopita jirani yangu, mama wa Kibajuni aliyeolewa huku bara, alinijia na karatasi na kalamu. Kesi ya mirathi ya marehemu mumewe ilikuwa imeamuliwa na Kadhi wiki mbili nyuma, naye hakuridhika na fungu alilopewa. Akaniambia, "Mwanangu, niandikie barua kwa Jaji Mkuu. Si ndiye mkubwa wao? Aibadilishe hii hukumu."

Nikamwambia, mama, barua nitakuandikia, lakini si hiyo. Tuliyozungumza siku ile nayaweka hapa, kwani nimeona wengi wetu twalitaja jina la Jaji Mkuu kila siku bila kujua mamlaka yake yaanzia wapi na yaishia wapi.

Kazi zake

Katiba ya 2010 yamfanya Jaji Mkuu kuwa kiongozi wa Idara ya Mahakama yote. Yeye pia ndiye rais wa Mahakama ya Juu, yenye majaji 7: yeye, naibu wake na wengine 5. Ndiye mwenyekiti wa Tume ya Huduma za Mahakama, ile iitwayo JSC, na ndiye anayemwapisha Rais wa nchi mbele ya umma.

Kesi ya kupinga uchaguzi wa Rais husikizwa na Mahakama ya Juu peke yake. Mlalamishi ana siku 7 kuifungua tangu matokeo kutangazwa, na majaji wana siku 14 kuimaliza.

Lakini kuna mlango asiopita. Kifungu cha 160 chasema mahakama hazipokei amri ya mtu yeyote katika kuamua kesi, na huyo mtu yeyote ni pamoja na Jaji Mkuu mwenyewe. Hawezi kumpigia simu hakimu au Kadhi akamwambia ageuze hukumu. Asiyeridhika na Kadhi hukata rufaa Mahakama Kuu.

Zamani alichaguliwa na mtu mmoja

Chini ya katiba ya kale, Rais alimteua Jaji Mkuu apendavyo. Hakukuwa na tangazo la nafasi, wala usaili, wala Bunge kuulizwa.

Ubaya wa mpango ule sisi tulio Eldoret hatuhitaji kusimuliwa. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya urais yalitangazwa, na jioni ileile Rais Mwai Kibaki akaapishwa Ikulu. Upinzani ulisema hauendi mahakamani kwa kuwa hautarajii haki huko. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, lilitiwa moto na watu wamo ndani wamejificha, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima katika ghasia zile.

Sisemi mahakama ndiyo iliyowasha moto. Mambo ya ardhi na siasa yalikuwa yamechacha miaka mingi. Lakini watu wakigombana na wakawa hawana mwamuzi wanayemwamini, huamuana wenyewe.

Anavyopatikana sasa

Katiba ya 2010 ilibadilisha mpango huo, na hatua ni hizi.

Kwanza, JSC hutangaza nafasi na wanaotaka huomba wenyewe. Mwombaji awe na uzoefu wa miaka 15 au zaidi kama jaji, hakimu, wakili, msomi wa sheria aliyetajika au kazi nyingine ya sheria inayohusika.

Pili, majina huchapishwa na mwananchi yeyote aweza kupeleka maoni kuhusu mwombaji. Kisha huwa usaili wa wazi. Mwaka 2021 waombaji 10 walihojiwa mmoja mmoja, na nchi ikitazama kwenye televisheni.

Tatu, JSC hupeleka jina moja kwa Rais. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria kwamba yapelekwe majina matatu Rais achague, lakini Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2016.

Nne, Bunge la Kitaifa huliidhinisha jina hilo. Hapo ndipo Rais humteua rasmi na Jaji Mkuu akala kiapo.

JSC yenyewe ina wanachama 11: Jaji Mkuu, jaji mmoja wa Mahakama ya Juu na mmoja wa Rufani, jaji wa Mahakama Kuu na hakimu, Mwanasheria Mkuu, mawakili wawili waliochaguliwa na wenzao, mmoja kutoka Tume ya Utumishi wa Umma, na wawili wasio wanasheria wanaowakilisha wananchi, ambao Rais huwateua kwa idhini ya Bunge.

Mpango huu ulijaribiwa mapema. Januari 2011 Rais Kibaki alimteua Jaji Alnashir Visram bila kupitia JSC. Hakuna aliyesema jaji yule hafai. Kosa lilikuwa njia iliyotumika. Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha Katiba, na Februari jina likaondolewa. Nafasi ikatangazwa, na Dkt Willy Mutunga akaapishwa Juni mwaka huohuo.

Muda wake

Jaji Mkuu hukaa miaka 10 au mpaka afikishe umri wa miaka 70, lolote litangulialo. David Maraga alishika Oktoba 2016 akastaafu Januari 2021 kwa umri. Martha Koome, mwanamke wa kwanza kushika cheo hiki, aliapishwa tarehe 21 Mei 2021. Alizaliwa mwaka 1960, basi umri utamfikia mwaka 2030 kabla ya miaka 10 kutimia.

Rais hawezi kumfukuza. Mtu yeyote aweza kupeleka ombi JSC aondolewe kwa utovu wa maadili, kutoiweza kazi, maradhi au kufilisika. JSC ikiona lina msingi, Rais huunda jopo la kulichunguza, likiongozwa na Spika wa Bunge la Kitaifa.

Je, mpango umeleta tofauti? Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Maraga ilifuta ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani. Tarehe 5 Septemba 2022, chini ya Koome, iliuthibitisha ushindi wa William Ruto, mwana wa kaunti yetu hii ya Uasin Gishu. Damu ilimwagika tena 2017, na hilo hatulifichi. Lakini mara zote mbili walioshindwa walikwenda mahakamani, jambo ambalo 2007 halikufanyika.

Na sisi wa Pwani?

Mahakama za Kadhi zimo ndani ya Katiba, Kifungu cha 170, na mizizi yake yarudi kwenye makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, kuhusu ukanda wetu wa Pwani. Kadhi Mkuu na makadhi wote huajiriwa na JSC. Hata hivyo Katiba haikutenga kiti cha Kadhi ndani ya Tume hiyo. Kwa hivyo yule anayekalia kiti cha mwenyekiti ni jambo letu hasa. Usaili mwingine ukifika, misikiti, vyama vya akina mama na mawakili wetu waandike maoni mapema, waombaji waulizwe mbele ya watu: mahakama za Kadhi mtazitendea nini?

Tukirudi kwa jirani yangu, rufaa kwenda Mahakama Kuu ina siku 30 tangu hukumu, na siku ile zilikuwa zimebaki 16. Lau tungeandika kwa Jaji Mkuu tukangoja jibu, muda ungemwishia mlangoni. Barua tuliyoandika ilikuwa ya kuomba nakala ya hukumu. Asubuhi yake tulipanda matatu pamoja kuipeleka.