Volti Ngapi, Kati ya Wapi na Wapi? Hoja Kuhusu Kumsaidia Anayeanza Kutafuta Hitilafu katika Saketi

Hitilafu nyingi za saketi zinazoundwa na wanaoanza haziko ndani ya vifaa. Rezista mpya ni nadra kuwa mbovu, na IC iliyotoka kwenye pakiti yake leo kwa kawaida ni nzima. Ubovu huwa kwenye maunganisho: mguu umeingia tundu la jirani, LED imegeuzwa, waya wa hasi umesahaulika, au rezista ya ohmu 1,000 imekaa mahali pa ile ya 10,000 kwa sababu mstari mwekundu na wa chungwa hufanana chini ya taa hafifu. Hata hivyo msaada anaopewa anayeanza huanzia mbali na hapo. Wengine humwambia IC imeungua, abadilishe. Wengine humrudisha kitabuni akaielewe kwanza kanuni ya Ohm. Makala haya yanapinga njia zote mbili. Yanadai kwamba jambo la kwanza la kumwomba anayeanza ni kipimo: volti ngapi, kati ya nukta ipi na ipi.

Kwamba volteji ndiyo inayowashinda wanafunzi si jambo la kubishaniwa tena. Cohen, Eylon na Ganiel walionyesha mwaka 1983 kwamba wanafunzi huifikiria saketi kwa mkondo kwanza, na volteji huiona kama tokeo la mkondo tu. McDermott na Shaffer, mwaka 1992, waliandika kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu walioamini kwamba mkondo hupungua njiani kadiri taa zinavyoutumia. Kiswahili cha kila siku kinaongeza uzito upande huohuo. Mtu husema umeme umekatika, umeme haufiki, umeme ni mdogo. Neno moja linabeba mkondo, volteji na nishati, na vitenzi vyake ni vya kitu kinachosafiri. Hakuna anayesema umeme uko kati ya hapa na pale. Lakini volteji ni hiyo hasa: tofauti kati ya nukta mbili, isiyo na maana ikitajwa kwa nukta moja. Ndiyo maana mita ya kupimia volti ina ncha mbili. Anayeanza anayegusisha ncha nyekundu na kuiacha nyeusi ikining'inia anafuata lugha yake sawasawa. Lugha ndiyo iliyomdokeza hivyo.

Ubishi uko kwenye namna ya kusaidia. Wanaotetea kumpa anayeanza jibu moja kwa moja huegemea makala ya Kirschner, Sweller na Clark ya mwaka 2006, yanayosema kwamba kumwacha mwanafunzi mgeni agundue mwenyewe bila mwongozo wa kutosha huielemea kumbukumbu yake ya muda mfupi. Dai hilo ni zito, na kwa sehemu kubwa ni sahihi. Kasoro iko kwenye matumizi yake. Waandishi hao walitetea mifano iliyotatuliwa hatua kwa hatua, ambamo njia nzima inaonekana. Jibu tupu la "hamisha waya huo" linaificha njia na kuonyesha mwisho wake tu. Kesho saketi nyingine ikikataa, mwanafunzi yuko palepale.

Upande wa pili, wa nadharia kwanza, una shida kubwa zaidi. Rasmussen na Jensen waliwachunguza mafundi wa elektroniki kazini nchini Denmark, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1974. Mafundi hao kwa kawaida hawakuanza kwa kukifikiria kifaa kizima kinadharia. Walipima harakaharaka, nukta baada ya nukta, wakiamua kila mara kama walichosoma ni cha kawaida au la, na hivyo wakazidi kuibana sehemu yenye hitilafu. Kimantiki vipimo vyao vilikuwa vingi kuliko vilivyohitajika, lakini njia hiyo ilikuwa nyepesi kichwani. Ikiwa waliobobea wanaipumzisha akili kwa vipimo, basi kumtaka anayeanza abebe nadharia yote kabla hajagusa mita ni kumtwisha mzigo ambao hata fundi haubebi.

Mfano mmoja, ukitazamwa kwa karibu, unatosha kuonyesha tofauti. Saketi inayopendwa sana na wanaoanza ni ile ya kuwasha na kuzima LED kwa IC ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind kwa ajili ya kampuni ya Signetics na kuingia sokoni mwaka 1972. Betri ni ya volti 9. Rezista ya kwanza ni ya kiloohmu 10, kutoka chanya hadi mguu wa 7. Ya pili ni ya kiloohmu 68, kutoka mguu wa 7 hadi miguu ya 2 na 6 iliyounganishwa pamoja. Kutoka hapo kapasita ya mikrofaradi 10 inashuka hadi hasi. Kapasita hujaa hadi volti 6, ambazo ni theluthi mbili za betri, kisha hupungua hadi volti 3, ambazo ni theluthi moja, na kurudia. LED, yenye rezista ya ohmu 470 kwenye mguu wa 3, inapaswa kuwaka na kuzima mara moja hivi kila sekunde.

Sasa saketi imeundwa kwenye bredibodi, LED inawaka na haizimi. Anayeanza anasema: IC imeungua. Anaambiwa abadilishe, anabadilisha, LED inawaka vilevile. Hapo huamua kwamba na ya pili ni mbovu, au kwamba muuzaji amempa bandia. Aliyerudishwa kitabuni naye hukokotoa mwendo wa saketi bila kosa hata moja, na LED haimweki.

Anayesaidia kwa kipimo hufanya jambo jingine. Anamwandikia nukta na volti zinazotarajiwa, zote zikipimwa dhidi ya mguu wa 1, ulio kwenye hasi, ambako ncha nyeusi inakaa bila kuhama. Mguu wa 8 unapaswa kuwa na volti 9: zipo. Mguu wa 4 vilevile: zipo. Mguu wa 3 una volti 7 na nusu hivi, haubadiliki. Mguu wa 2 unapaswa kupanda na kushuka kati ya 3 na 6: unasoma chini ya volti 1 na umetulia. Kipimo hicho cha nne ndicho chenye habari yote. Mguu wa 2 ukiwa chini ya theluthi moja ya betri, IC hii hupaswa kuupandisha mguu wa 3, nayo ndivyo ilivyofanya. IC iliyotuhumiwa kuungua ilikuwa inatii. Kapasita ndiyo isiyojazwa. Ncha nyekundu inahamia mguu wa 7, chini ya volti 1; kisha upande wa juu wa rezista ya kwanza, palipopaswa kuwa na volti 9, chini ya volti 1 pia. Rezista hiyo imechomekwa kwenye safu nyekundu ya pembeni, na safu hiyo, kama ilivyo kwenye baadhi ya bredibodi ndefu, imekatika katikati. Mstari mwekundu uliochorwa kando yake una pengo dogo mahali hapohapo. Betri inalisha nusu ya kushoto tu. Waya mfupi wa kuziunganisha nusu mbili unamaliza kazi.

Mwanafunzi aliyepita njia hiyo ameiona theluthi moja ya betri ikifanya kazi, jambo ambalo fomula ya mwendo huificha. Ndiyo sababu inawezekana kusema kwamba kipimo ni mlango wa nadharia hasa.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mita ya kawaida haioni mawimbi ya kasi. Ni kweli, lakini saketi inaweza kupunguzwa mwendo: kapasita ya nanofaradi 10 ikibadilishwa kwa ya mikrofaradi 10, mzunguko mmoja unachukua muda mara 1,000 zaidi, na kilichokuwa mara 1,000 kwa sekunde kinaonekana kwa macho. Pingamizi la pili ni kwamba anayeanza hupima vibaya. Mara nyingi huiacha ncha nyekundu kwenye tundu la ampea, akagusa betri, ikawa shoti na fyuzi ya mita ikakatika. Kwa hiyo ncha zikaguliwe kwanza ziko matundu gani na swichi iko upande gani, na kipimo cha kwanza kiwe cha betri yenyewe, ambacho jibu lake linajulikana.

Pingamizi la tatu, kwamba kupima kunaweza kuwa hatari, halina jibu, nalo lichukuliwe kuwa mpaka wa hoja yote. Yaliyosemwa hapa ni ya saketi za betri. Kwenye vifaa vya umeme wa ukutani wa volti 230, kapasita kubwa zinaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Anayeanza asiombwe kipimo chochote hapo. Aambiwe achomoe plagi, asifungue kifuniko, na akipeleke kifaa kwa fundi.